Kasha la Rupia: shajara ya kuandika riwaya ya mali iliyofukiwa Mwanza

Naandika riwaya ya kihistoria kuhusu kasha la fedha lililofukiwa karibu na Mwanza mwaka 1916, na kuhusu ukoo uliolinyamazia kwa miaka mia moja. Shajara hii naiweka wazi ili mwandishi mwingine wa Kanda ya Ziwa, au wa kokote kule anayetaka kuandika habari za zamani za kwao, aone njia ilivyokuwa: nini kilijaribiwa, nini kilikataa, na shilingi ngapi zilitoka mfukoni. Naongeza ingizo kila hatua inapokamilika. Wahusika wa riwaya ni wa kubuni, na majina yao pia. Vita, fedha, udongo na ziwa ni vya kweli, na humo ndimo jasho lilimomwagika.

3 Agosti 2024: Mpango wa kwanza

Kiunzi cha hadithi ni hiki. Juni 1916 Waingereza wanaichukua Ukerewe. Tarehe 14 Julai wanaingia Mwanza mjini, na Wajerumani wanaondoka kuelekea Tabora. Usiku huo nyapara wa wapagazi, Masanja, anakabidhiwa makasha ya dhahabu ya boma ayapeleke kusini. Hayafiki. Karne moja baadaye kitukuu wake, Kabula, mwalimu wa sekondari, anakuta kwenye vitu vya marehemu babu yake ushahidi kwamba ukoo ulijua siku zote.

Nimechagua jambo hili kwa sababu aliyekulia Mwanza hakosi kusikia habari za mali ya Mjerumani. Iko chini ya jengo la kale kilimani, iko pangoni Isamilo, iko chini ya mwamba wa Bismarck. Vijana wanachimba usiku kwenye misingi ya majengo ya zamani, na matapeli wanawauzia watu "rupia" hadi mtu anauza kiwanja. Nataka riwaya inayoyachukulia maneno hayo kwa uzito na kuyafuata mpaka yalikoanzia.

Sura 16 zimepangwa. Gharama hadi sasa: madaftari, bando la intaneti na fotokopi, 41,000/-.

31 Agosti 2024: Dhahabu imetolewa

Sura tatu za kwanza zilisimama juu ya sarafu moja: ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga upande mmoja na tai wa Ujerumani upande wa pili. Ni sarafu nzuri mno, na ndiyo inayotajwa kila watu wakiongelea mali ya Mjerumani. Ila ukifuatilia ilikotoka, hadithi inavunjika. Ilipigwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari na fedha mpya haikuweza kuletwa kutoka Ulaya. Zilipigwa 16,198 tu. Tabora iko kusini kwetu, na Mwanza ilikuwa inahamwa. Hakuna mkuu wa boma ambaye angeagiza dhahabu mpya ipandishwe hadi kwenye mji anaojiandaa kuukimbia.

Nilijaribu kuiokoa. Nikaandika sura ya tarishi anayebeba dhahabu kutoka Tabora kuja kulipia mchele wa Ukerewe wa kuwalisha askari. Rafiki yangu mhasibu akaisoma, akauliza swali moja: nani hapa angempa chenji? Sarafu moja ni rupia 15. Kodi ya nyumba kijijini ilikuwa kwa kawaida rupia 3 kwa mwaka. Mkulima wa mchele angeshika mkononi kodi ya nyumba tano, asiwe na mahali pa kuivunja. Sura imefutwa, na zile tatu zilizotangulia zimefutwa pia.

Kilichoingia badala yake ni rupia ya kawaida ya fedha, yenye kichwa cha Kaiser Wilhelm wa Pili, gramu 11.66. Haina mng'ao wa dhahabu, lakini ndiyo iliyopita kwenye mikono ya watu. Hata hiyo ilikuwa imeadimika kufikia 1916: serikali ilikuwa inachapa noti za dharura, na watu walizifungia rupia zao za fedha wasizitoe. Kwa hiyo makasha mengi ya rasimu yamekuwa kasha moja.

8 Septemba 2024: Uzito

Hatua hii namsihi kila anayeandika mambo ya mali iliyofichwa aifanye mapema, kabla hajaandika hata ukurasa: pima.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi. Watu wa wakati ule wangesema frasila mbili kasoro kidogo, na ndivyo wasemavyo sasa kwenye riwaya. Rupia 2,500 za fedha ni kilo 29 na ushei. Basi kasha moja ni mtu mmoja, rupia 2,500. Kisha nikapiga hesabu ya ile dhahabu niliyoifuta: sarafu zote za tembo, zote 16,198, hazifiki kilo 120. Wapagazi wanne wanazimaliza. Thamani hiyohiyo kwa rupia za fedha ni karibu tani 2.8, yaani msafara wa watu zaidi ya 90. Rasimu ya kwanza ilikuwa na watu 40 wanaohema chini ya dhahabu, idadi isiyolingana na chochote.

Hesabu iliyofuata ndiyo iliyogeuza kazi nzima. Boma lilizipata wapi rupia hizo? Kwenye kodi. Rupia 2,500, kila nyumba rupia 3: kasha moja ni kodi ya nyumba 833.

Nyumba 833! Tunasema mali ya Mjerumani, na babu zetu walisema hivyohivyo, lakini kila rupia iliyokuwa mle ilitoka kwenye mji wa mtu. Msukuma, Mkerewe, Mzinza, Mjita, aliyeuza mtamba, ngozi, pamba au mpunga. Mwingine alitembea mpaka mashamba ya mkonge akafanya kazi miezi kwa miezi. Asiyekuwa nazo alilipa kwa kufanyishwa kazi. Hayo si mambo ya kubuni, yanajulikana, na mimi nilikuwa nimeandika sura kadhaa za mali iliyofukiwa bila mlipa kodi hata mmoja ndani yake.

Kiunzi kimejengwa upya. Kabula hapati ramani. Anachokipata ni kitabu cha kodi kilichosafiri pamoja na kasha, chenye orodha ya waliolipa, mstari kwa mstari. Kwenye mpango wa zamani msomaji alitakiwa ajiulize kasha liko wapi. Sasa anajiuliza ni la nani, na kwa nini watu wa ukoo ule walijua jibu wakakaa kimya.

Gharama ya hatua hii: hakuna. Mizani ya jikoni niliazima.

18 Septemba 2024: Shimo

Kwenye rasimu, Masanja na wapagazi wawili, Maduhu na Shija, wanalifukia kasha "usiku wa giza totoro" chini ya kilima, wanamaliza kabla ya jogoo la kwanza. Nilitaka kujua kama inawezekana.

Hilo la giza lilikataa kabla hatujashika jembe. Tarehe 30 Julai 1916 kulikuwa na kupatwa kwa jua, na jua hupatwa siku ya mwezi mwandamo tu. Ukirudi nyuma nusu mwezi unafika kwenye mwezi mpevu wa tarehe 15 Julai. Usiku wa tarehe 14, Mwanza ilipoanguka, mbalamwezi ilikuwa inawaka kote. Kwa hiyo na sisi tukangoja mwezi mpevu.

Tulikwenda Kisesa, kwenye shamba la ndugu yangu si mbali na makumbusho ya Bujora. Shamba lile linaanzia mawe ya kilimani na kushuka hadi mbugani, hivyo lina udongo wa kila namna: luseni wa kichanga juu, itogolo mgumu katikati, mbuga nyeusi chini. Wapwa zangu wawili walikuja na majembe ya mkono na sururu. Niliwaomba waanze kwenye itogolo, maana ndipo rasimu ilipoweka shimo.

Mwezi wa tisa mvua haijagusa ardhi tangu Mei. Jembe la kwanza lilidunda, likarudi na mtetemo hadi begani. Kijana akaliangalia ubapa wake kama limepinda. Wakashika sururu. Kila pigo lilitoa mlio mkavu uliokwenda mpaka kilimani na kurudi, na sururu ilipokutana na kokoto nyeupe ikarusha cheche. Mbwa wa mji wa kwanza wakaanza, wakadakwa na wa mji wa pili. Ilipofika saa tano shimo lilikuwa limefika magotini, na udongo uliotolewa ulikuwa umelala pembeni, mweupe chini ya mbalamwezi, unaonekana kutoka barabarani. Tulipoufukia haukurudi wote. Ukabaki mwinuko kama kaburi la mtoto.

Wakati tunaukanyagakanyaga ndipo sungusungu walipofika, wameshikilia marungu na tochi. Wazee wa kijiji walikuwa na haki kabisa: watu watatu wanachimba usiku, mmoja wao mgeni kutoka mjini, nini kingine wafikirie kama si wawinda rupia? Tuliamkia, tukakaa chini, tukaeleza. Kamanda aliniambia kwa utaratibu, "Kijana, kama ni kitabu, kwa nini hukuja mchana ukasema?" Kesho yake nilikuwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, nikaandikiwa barua.

Kwa anayetaka kufanya jaribio la namna hii: barua kwanza, mwenyekiti ajue, majirani wajue, shamba liwe la mtu wenu na la kulimwa. Usikaribie jengo la kale, mahame wala makaburi. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuna watu waliozikwa huko.

Tulirudia jaribio mchana, kwenye luseni, tukiwa na barua. Hapo vijana walifika kiunoni kabla ya saa moja kuisha, kimyakimya, kwa majembe tu. Tatizo la kichanga ni kwamba kuta zinabomoka na shimo linataka kuwa pana mara mbili. Lakini linawezekana. Basi kasha limehama kutoka chini ya kilima, na kokote litakakokwenda litakwenda kwenye mchanga.

Gharama: nauli, posho ya vijana, soda za kikao cha kijiji, 57,000/-. Mpini mmoja wa sururu ulivunjika, 4,000/-.

9 Novemba 2024: Wazee

Nilianza vibaya huku. Nilikwenda kwa wazee wa upande wa mama na kinasa sauti mkekani na orodha ya maswali, la kwanza likiwa mali. Kila mlango ulifungwa kwa adabu. Mjomba mmoja alinikaribisha ugali kwa sato, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuniuliza habari za kazi na watoto. Nilielewa.

Njia iliyofungua ni kuuliza watu badala ya vitu. Nilikwenda kwa bibi mdogo, dada wa bibi yangu, akiwa anamenya karanga za mbegu.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Mhola?"

"Mhola."

Nikavuta kigoda, nikaanza kumenya naye. Baada ya muda nikauliza, "Bibi, wale waliochukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani kutoka hapa, walitembea nani na nani?"

Akajibu bila kuinua macho, kwa mpangilio wa miji: kwa akina fulani walitoka wawili, ng'ambo ya mto mmoja, kwetu mmoja. Yote aliyasikia kwa mama yake. Kwa mtu mmoja akasita. "Huyo hakurudi. Mkewe aliendelea kumwekea chakula pembeni mpaka mtoto akaota meno." Akamenya karanga nyingine mbili tatu. "Jina lake usiliandike. Wajukuu zake wako hapo, tunazikana."

Sikuliandika, na sitaliandika. Nilimwomba ruhusa ya kuitumia ile habari ya chakula peke yake. Alifikiri kwa muda mrefu. "Chukua. Ila usimfanye mwanamke yule mjinga. Alijua." Sentensi hiyo imezaa sura ya sita, sura ya mke wa Shija, na ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote katika kitabu hiki.

Nikampelekea na lile wazo la kaburi la mtoto, kwamba labda Masanja angelificha kasha kwa kulifanya lionekane kaburi. Alilikataa palepale. "Kaburi la nani? Kaburi bila msiba? Siku ya pili kijiji kizima kingekuwa pale kuuliza." Kurasa kumi na mbili zikafutwa, na nashukuru zilifutwa na mtu anayejua.

Wapagazi waliokufa katika vita ile ni maelfu kwa maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na Waingereza walipoingia nao waliwachukua watu kutoka huku kubeba mizigo yao. Siri ya ukoo sasa ina umbo. Masanja alirudi. Maduhu na Shija, waliofukia kasha pamoja naye, waliswagwa hadi Tabora na hawakurudi. Masanja aliwaambia wake zao kwamba hakuwahi kusafiri na waume wao.

Gharama: sukari, chumvi, kitenge cha bibi, 38,000/-.

14 Desemba 2024: Rupia zinageukaje kuwa ng'ombe?

Masanja hawezi kwenda sokoni mwaka 1923 na mfuko wa rupia za Kaiser. Baada ya vita Waingereza waliiondoa rupia, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki. Mtu anayetoa rupia moja ya zamani ni mtu aliyesahau akiba yake. Anayetoa mia ataulizwa.

Nilikwenda kwa sonara mjini, nikamweleza. Alichukua kipande cha fedha chakavu, akakiweka kwenye kikombe chake cha udongo, akanionyesha kinavyokaa kigumu kwa muda mrefu na halafu, ghafla, kinakusanyika na kuwa tone linalotetemeka. Hesabu yake: rupia tano, gramu 58, bangili moja nzito. Bangili haina kichwa cha mfalme. Sura ya tisa imetatuka: Masanja anachota kidogo kidogo, sonara wa kubuni anayeyusha, bangili zinauzwa, ng'ombe wananunuliwa. Wake za Maduhu na Shija wanaziona bangili hizo kwenye mikono ya mke wa Masanja. Sikulipa kitu, nilinunua pete ya fedha, 35,000/-.

18 Januari 2025: Njia ya Tabora

Kwa ufupi. Rasimu ilikuwa na treni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, lakini Mwanza haikuona treni hadi 1928. Mwaka 1916 kila kitu kutoka huku kwenda kusini kilikwenda kwa miguu. Sura mbili zimeandikwa upya kwa miguu, na zimekuwa bora, maana kichwani mwa mtu kasha lina uzito.

Nilikwenda Tabora kuiona njia kwa macho, kwa basi. Huko ndiko nilikopata wazo ambalo nilikuwa nalitafuta bila kujua. Kabla ya kuuachia mji huo kwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, Wajerumani walizifukia nyaraka za serikali yao ardhini, na baada ya vita zikafukuliwa. Leo nyaraka za enzi hiyo zinatunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Katika mtafaruku ule wote walichofikiri kukificha ardhini ni makaratasi: nani analipa nini, nani ana ardhi gani. Kitabu cha kodi cha Kabula sasa kina maana mara mbili. Masanja alikiona kitabu kile kinabebwa kwa uangalifu kuliko fedha, ndiyo maana akakichukua.

Rasimu ilikuwa imekizika pamoja na kasha. Mchanga wenye unyevu usingebakiza hata ukurasa, na kwenye dari ya nyasi mchwa wangekimaliza. Sasa kimo kwenye mkebe wa bati uliozibwa kwa nta, ndani ya nyumba, chini ya kitanda cha mtu yuleyule miaka yote.

Gharama: nauli kwenda na kurudi, gesti, chakula, 146,000/-. Hatua ghali kuliko zote.

22 Machi 2025: Ziwa

Kasha lilihamia mchangani, na mchanga mzuri uko ufukweni. Nililiweka kwenye mwalo mmoja upande wa Igombe, hatua chache kutoka majini, nikaandika sura ya kumi na tatu ambamo Kabula analichimbua mwaka 2016. Kisha nikaenda Igombe kuangalia ufukwe.

Kina mama walikuwa wanageuza dagaa juani. Nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu, nikamuuliza ufukwe ulikuwa wapi zamani. Hakunionyesha mchanga. Alinyoosha mkono juu ya mitumbwi iliyotia nanga, mbali kidogo ndani ya maji. "Mji wa baba ulikuwa pale. Mvua za mwaka wa uhuru ziliuchukua."

Nikafuatilia. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na kwa miongo kadhaa halikurudi lilikokuwa. Mei 2020 likafika tena kwenye kiwango kile cha 1964, na watu wa mialoni wanakumbuka nyumba na vyoo vilivyozama. Shimo lililochimbwa hatua chache kutoka majini mwaka 1916 leo liko chini ya mitumbwi. Kabula hawezi kuchimba chochote.

Siku kadhaa nilikaa nalo kwa uchungu, maana sura ile ilikuwa imeandikika vizuri. Halafu nikaona ziwa limenijibu swali ambalo bibi mdogo alikuwa ameniachia: kwa nini ukoo uliojua mahali haukumaliza kuchota? Masanja alichota alichothubutu. Alipofariki, wanawe wakabishana, mmoja akitaka kugawana, mwingine akitaka familia mbili zile ziitwe. Walibishana mpaka mwaka 1962, maji yakapanda juu ya kasha na juu ya ugomvi wao. Walionyamaza wakaona wamepata ruhusa. Hilo sasa ndilo sura ya kumi na mbili, na sikulazimika kubuni maji hata tone.

Gharama: daladala, na dagaa za kupeleka nyumbani, 17,000/-.

14 Juni 2025: Lugha

Wahusika wa 1916 walikuwa wanaongea kama vijana wa Buzuruga. Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuandika mazungumzo yote kwa Kisukuma na maelezo chini ya ukurasa; wasomaji wangu watatu wa majaribio, mmoja wao Mhaya, walichoka kabla ya sura ya pili. Jaribio la pili lilikuwa Kiswahili cha magazeti ya zama zile, kama Kiongozi lililochapwa Tanga, na Masanja akawa anaongea kama karani. Kilichofaa ni Kiswahili cha kawaida kilichosafishwa maneno ya leo, salamu na majina ya heshima yakibaki ya kwao: ntemi, mwanangwa, mayu. Vipimo ni vya wakati ule. Hakuna kilo wala dakika kwenye mdomo wa mtu wa 1916.

Fotokopi za wasomaji, nakala tatu: 72,000/-.

30 Agosti 2025: Rasimu ya pili imekamilika

Sura 15, kurasa 240 za kompyuta. Sura ya 16 imefutwa. Ilikuwa sura ya wazamiaji wanaolipata kasha chini ya ziwa, na wasomaji wawili kati ya watatu waliitaka ibaki. Nimeifuta kwa sababu ingewaridhisha walewale wanaochimba misingi ya majengo usiku, na ingewasahau walipa kodi 833.

Mwisho ulivyo sasa: Kabula anacho kitabu. Shangazi yake anamsihi akichome, kwa hoja ambazo nimejitahidi ziwe na nguvu kweli, kwa sababu zina nguvu: watu hawa wanazikana, watoto wao wameoana, ng'ombe wa Masanja ndio waliomsomesha Kabula mwenyewe. Kabula anakwenda kwanza kwa wajukuu wa Shija, peke yake, bila kitabu, kuwaambia kwamba babu yao alitembea na babu yake, na mahali walipoachana. Kitabu anawaonyesha wakiuliza. Wanauliza.

Fedha zilizotumika mpaka leo ni 410,000/-, bila kuhesabu umeme na muda. Mswada uko kwa mhariri anayeusoma kwa malipo ya awamu. Kinachofuata ni kuomba namba ya kitabu Bodi ya Huduma za Maktaba, na kukusanya bei za uchapaji wa Mwanza na Dar es Salaam nizilinganishe. Nakala ya kwanza ya sura ya sita nimeshampelekea bibi mdogo. Mpwa wangu anamsomea jioni, na ameagiza irudiwe pale pa chakula kwa sababu, amesema, yule mama alikuwa anaweka samaki, si mboga. Nimesharekebisha.